Ushauri: vyumba 8 vya kupanga Mbagala, au nyumba ya Kibada nisubiri bei ipande?

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Nina akiba ya milioni 45, na benki wamekubali kunikopesha 25 kwa riba ya 16%, miaka mitano. Madalali wamenionyesha nyumba mbili, kila moja milioni 70.

Zote ziko Dar es Salaam. Ya kwanza iko Mbagala. Vyumba 8, kila kimoja 60,000 kwa mwezi, vyote vina watu. Eneo halijapimwa, karatasi ya mauziano ni ya ofisi ya serikali ya mtaa tu. Ya pili iko Kibada, Kigamboni: vyumba viwili, sebule na jiko, kiwanja kimepimwa, hati ipo, mpangaji analipa 250,000. Kila ninayemuuliza ananiambia Kigamboni ndiko ardhi inakopanda. Nina watoto wawili shule, naogopa kukosea.

Shemeji wa Temeke: Mkuu, anza na rejesho. Milioni 25 kwa masharti hayo ni kama 608,000 kila mwezi. Kibada inakupa 250,000, kwa hiyo 358,000 inatoka kwenye mshahara wako kwa miaka mitano, na hapo mpangaji hajahama. Mbagala inaingiza 480,000, lakini toa 10% ya TRA (kodi ya serikali kwenye pango), toa gari la kunyonya choo (watu wa vyumba 8 wanajaza shimo haraka), toa ugomvi wa LUKU moja (mita ya umeme wanayochangia wote). Weka na chumba kimoja kitupu kila wakati. Hesabu yangu ni 350,000 mkononi.

Dada Mkuu: Tusisahau historia. Mwaka 2008 ulitangazwa Mji Mpya wa Kigamboni, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wakakaa miaka wanasubiri. Daraja la Nyerere la kuvukia Kigamboni lilipofunguliwa 2016 bei zilichangamka, kweli, ila aliyekuwa na deni la benki katikati ya hiyo miaka asingefika. Bei ikipanda hulipi nayo ada, mpaka uuze.

Fundi Mchundo: Nawapinga kidogo. Bila hati Mbagala ni vigumu kukopea tena, na mtu mwenye karatasi ya mtaa anaweza kuibukiwa na mwenzake mwenye karatasi hiyohiyo. Kama mshahara unabeba 358,000 bila kugusa ada, mimi naenda Kibada.

Mleta uzi: Mshahara haubebi, ada zitayumba. Na kama nisikope kabisa?

Shemeji wa Temeke: Hapo umesema kitu, kaka. Kwa 45 taslimu tafuta nyumba ndogo, vyumba 4 au 5, mtaa ambao urasimishaji (kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa) umeshapita. Kodi ya miezi sita wanayotanguliza wapangaji usiile yote, itengee ukarabati. Kabla ya kulipa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi wakufanyie upekuzi wa nani anamiliki, kisha uliza majirani wa pande zote mbili kama mpaka una kesi.

Mleta uzi: Asanteni sana. Jumatatu namwambia dalali wa Mbagala asinisubiri.