Tupeane uzoefu: Zaburi ya 130 ilikuinuaje ulipojiona hufai tena mbele za Mungu?

Mleta mada:
Bwana asifiwe wapendwa. Zaburi za toba ziko saba, 6, 32, 38, 51, 102, 130 na 143, wengi tunakimbilia 51 na ni sawa kabisa, ila leo naomba tuiongelee 130, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia". Mistari 8 tu. Mimi ilinishika kipindi ambacho hata kuomba naona aibu, napiga magoti maneno hayatoki, basi nikawa nasoma ya huyu mtu kama ndo yangu. Kilichonigusa ni kwamba kosa lake halitaji kabisa, hajitetei wala hajilinganishi na mtu, analia tu halafu mstari wa 3 anasema Mungu angehesabu maovu nani angesimama? Yaani hata wale niliokuwa nawaona watakatifu nao wasingesimama. Nani mwingine imemsaidia?

Mchangiaji wa 1:
Mi nafanya kazi ya ulinzi wa usiku kwahiyo mstari wa 6, "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi", naujua kwa mwili wangu. Watu wa lindo mtanielewa, kuanzia saa tisa mpaka kumi na moja alfajiri ndo kipindi kigumu, baridi inazidi, tochi imeshaanza kufifia, kila saa unageuza shingo kuangalia mashariki utafikiri ukiangalia sana ndo kutakucha haraka. Ila sijawahi kuona mlinzi anayewaza labda leo hakutakucha, utachoka utasinzia lakini asubuhi una uhakika nayo. Nilikaa miaka mingi mbali na kanisa, siku niko zamu nausoma huo mstari kwenye simu nikasema basi na msamaha wa Mungu nitaungoja hivi hivi. Nimerudi jamani, na amani ninayo.

Mchangiaji wa 2:
Mimi mstari wa 4 unanitisha, "kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe". Sasa nikishasamehewa naogopa nini tena?

Mleta mada:
Usitishike mpendwa, angekuwa hasamehi tungemkimbia tu, nani angebaki amche? Mtu akishajua amesamehewa asichostahili anakuwa na adabu ya ndani, hataki kumuumiza aliyempenda. Ndo kumcha Mungu huko.

Mchangiaji wa 3:
Niongezee kidogo, mimi ni Mmethodisti. Tarehe 24 Mei 1738 mchana John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alisikia zaburi hii ikiimbwa kanisa la St Paul's kule London, jioni yake ndo akaenda kwenye ule mkutano wa Aldersgate Street ambako alishuhudia moyo wake umepata joto na akawa na hakika dhambi zake zimeondolewa. Na hapo alikuwa kasisi tayari kwa miaka! Hii imenitia moyo sana maana nilidhani mtu aliyekaa kanisani muda mrefu haruhusiwi kulia toka vilindini.

Mchangiaji wa 4:
Ngoja niseme la kwangu. Mimi nilikuwa na kinyongo na baba yangu, alituacha tukiwa wadogo, na kila alichokosea nilikuwa nacho kichwani na mwaka wake. Jioni moja tunasali wawili na mke wangu, yeye ndo anasoma, akafika "kama Wewe ungehesabu maovu" nikashindwa kuitikia. Alinisubiri tu hakuniuliza kitu. Nilikuwa nimekuja kuomba nisihesabiwe huku daftari la mzee nimelikumbatia. Sikusamehe usiku ule nisidanganye, ilichukua muda mrefu, mstari huohuo narudia na kurudia.

Mchangiaji wa 2:
Pole sana kaka. Mzee ulimwambia?

Mchangiaji wa 4:
Nilimpigia simu mzee, dada yangu. Alilia, mwanzoni hakuweza kuongea, mimi pia. Saivi tunaongea kila Jumapili baada ya ibada, bado kuna mada tunazipita pembeni ila simu yake nikiiona inaita napokea kwa furaha.