Mjadala: Je, Nebraska ilikosea kumfukuza kocha Frank Solich mwaka 2003?

Mleta mada

Wakuu, habari za wikendi. Juzi tukinywa chai baada ya ibada, sisi Waswahili wachache wa hapa Lincoln, jimbo la Nebraska, Marekani, ilizuka hoja iliyotugawa hadi watu wakaondoka bila kuagana vizuri. Mwenzetu mmoja alisema Nebraska haijawahi kukosea kumfukuza kocha, inakosea tu kumchagua anayefuata. Mimi nakataa. Kosa lilikuwa lile la kumfukuza Solich, Novemba 2003, na timu inalilipia mpaka leo.

Kwa wageni wa mchezo: nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, ngazi ya chuo kikuu. Jimbo hili halina timu kubwa ya kulipwa, kwa hiyo timu ya chuo, Cornhuskers, ni ya kila mtu, kuanzia profesa hadi mkulima wa mahindi. Tangu Novemba 1962 tiketi za uwanja wao, Memorial Stadium, zimeisha kila mechi, zaidi ya mechi 400 mfululizo.

Na 1962 ndio mwaka alioingia kocha Bob Devaney akitokea Chuo Kikuu cha Wyoming. Misimu 11, ushindi 101, vipigo 20, sare 2, ubingwa wa taifa 1970 na 1971. Siku ya kuondoka hakwenda kutafuta jina kubwa nje. Timu alimwachia msaidizi wake Tom Osborne, mzaliwa wa Hastings humuhumu Nebraska, ambaye alikuwa amekaa chini yake tangu katikati ya miaka ya 1960.

Hapa naomba tutulie kidogo. Leo kila mtu anamtaja Osborne kama nguzo: misimu 25, ushindi 255, hakuna msimu hata mmoja chini ya mechi tisa za ushindi. Lakini wapinzani wao wakubwa, Oklahoma, walimfunga miaka mitano mfululizo kabla hajawafunga 1978. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja 1994, katika msimu wa 22!

Katikati ya subira hiyo kuna usiku wa tarehe 2 Januari 1984, mechi kubwa ya mwisho wa msimu iitwayo Orange Bowl, dhidi ya Miami. Nebraska walikuwa nyuma 31–17 robo ya mwisho, wakafukuza hadi 31–30, zimebaki sekunde 48. Angepiga mpira wa pointi moja ingekuwa sare, na kwa rekodi yao ya msimu ule bila kufungwa, ubingwa ulikuwa karibu mkononi. Osborne aliwaambia vijana waende kutafuta pointi mbili, jaribio gumu zaidi lakini la kushinda moja kwa moja. Mchezeshaji wake, Turner Gill, akarusha, beki wa Miami akaugusa kwa ncha za vidole, mpira ukaanguka. Kwisha. Nimeiangalia video ile mara nyingi, na kila mara namtazama Osborne pale pembeni: hapigi kelele, hatupi kitu.

Nani alimlinda mtu huyu miaka yote hiyo? Devaney, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo. Bosi wake alikuwa mtu aliyewahi kukalia kiti kilekile, anayejua kwamba timu hujengwa na watu wanaokaa. Wasaidizi walizeeka pamoja: Milt Tenopir alifundisha safu ya mbele kuanzia 1974 hadi 2002, na Boyd Epley aliijenga gym ya timu tangu 1969. Vijana wa vijijini walikuja bila ufadhili wowote, wakasubiri miaka mitatu minne kwenye benchi, kwa sababu walijua kocha aliyewaahidi atakuwepo.

Solich alikuwa pete ya tatu ya mnyororo huo. Alimchezea Devaney, akawa msaidizi wa Osborne kuanzia 1979, akakabidhiwa timu 1998. Misimu sita: ushindi 58, vipigo 19. Mwaka 1999 alishinda mechi 12 na kupoteza moja. Mwaka 2001 alifika fainali ya taifa, na mchezaji wake Eric Crouch akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Sifichi ubaya. Kipigo cha 62–36 kule Colorado mwaka 2001 kiliuma, na fainali yenyewe Miami waliwafunga 37–14. Mwaka 2002 ulikuwa 7–7, yaani ushindi saba na vipigo saba. Lakini 2003 alisafisha benchi la ufundi, akamleta Bo Pelini kusimamia ulinzi, akamaliza 9–3. Siku moja baada ya kuifunga Colorado 31–22, mkurugenzi wa michezo Steve Pederson akamfuta kazi, akisema hatakubali timu iteleze kuwa ya kawaida. Halafu ikapita zaidi ya mwezi bila kupatikana mrithi.

Msimu uliofuata, chini ya Bill Callahan, 5–6. Msimu wa kwanza wa kufungwa zaidi ya kushinda tangu 1961.

Karibuni, wakuu. Mwenye hoja tofauti aiweke mezani.

Mchangiaji

Mkuu, nakuheshimu, ila unaililia historia mpaka unasahau nusu yake. Devaney mwenyewe alikuja baada ya mtu kufukuzwa. Bill Jennings aliondolewa, akaletwa mgeni asiye na ndugu Lincoln, na huyo mgeni ndiye aliyeanzisha hiyo raha unayoisimulia. Kama wangeogopa kufukuza, mnyororo wako usingekuwepo.

Pili, mtoto wa nyumbani mlipewa. Scott Frost, mchezeshaji wa kikosi cha ubingwa wa 1997, mzaliwa wa hapa, ametoka kumaliza msimu 13–0 na UCF, chuo cha Florida. Watu walilia machozi ya furaha 2018. Matokeo? Ushindi 16, vipigo 31, kafukuzwa Septemba 2022 baada ya kufungwa nyumbani na Georgia Southern. Damu ya nyumbani haishindi mechi. Solich alikuwa anashuka, Pederson aliona mapema. Kosa ni Callahan.

Mleta mada

Ahsante mkuu, hizi ndizo hoja nilizokuwa nazisubiri.

Jennings alishinda mechi 15 kati ya 50 kwa miaka mitano. Solich alishinda tisa kati ya 12 mwaka huohuo aliofukuzwa. Nyumba inayovuja kila chumba utaibomoa. Huwezi kuifanya sababu ya kubomoa yenye bati moja lililolegea.

Kwa Frost umenigusa, maana hata mimi nilimwamini. Lakini mimi sikusema damu. Nimesema kukaa kwenye kiti cha msaidizi, mwaka baada ya mwaka, ukimwona mkubwa wako anavyofungwa na anavyoamka Jumapili asubuhi. Osborne alikaa chini ya Devaney. Solich alikaa miaka 19 chini ya Osborne. Frost alicheza Lincoln, lakini hakuwahi kufundisha hapa hata msimu mmoja kabla ya kupewa timu nzima, na alikuja na wasaidizi wake kutoka Florida. Alirudi kwenye nyumba aliyoijua, akakuta waliomlea walishatawanyika.

Mtazame Pelini. Alikaa chini ya Solich msimu mmoja tu, 2003. Aliporudi kama kocha mkuu 2008, alishinda mechi tisa au zaidi kila msimu, misimu saba. Naye wakamfukuza, 2014, akiwa na 9–3. Rekodi ileile, mkuu! Aliyefuata akatoka na ushindi 19 na vipigo 19, kisha Frost.

Na Solich, aliyekuwa "anashuka", alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio akashinda mechi 115 kabla ya kustaafu 2021.

Nina mzee mmoja tuliyefanya naye zamu ya usiku. Ana nafasi mbili uwanjani alizorithi kwa baba yake, na ndiye aliyenikalisha kwenye benchi lile la bati mara ya kwanza, enzi zile puto nyekundu bado zinaachiliwa angani Nebraska wakifunga mara ya kwanza. Kwa Callahan hazomei, kwa Frost hazomei. Ukimtaja Solich ananyamaza.

Aprili 2023, Solich alirudi uwanjani baada ya karibu miaka 20, akaheshimiwa mbele ya watu. Mzee yule goti lake halifai tena kusimama muda mrefu. Siku hiyo alisimama, akavua kofia, akapiga makofi mpaka watu wa safu nzima walipokuwa wameshakaa.