Mjadala: Vijana wetu waendelee na manga, au warudi kwenye mstari mchache?

MWENYE MADA (mtaa wa Sakina, Arusha)

Habari za jioni wana Arusha. Naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Mtaani kwetu kuna vijana watano wanaochora manga, yaani katuni za mtindo wa Kijapani. Viongozi wa kijiwe cha bodaboda wamewaomba wachore kijitabu: kuvaa helmeti, kupakia mishikaki, kuendesha usiku bila taa. Kitatolewa kopi na kugawiwa vijiweni. Jumamosi wakaniletea kurasa tatu za mwanzo nizitazame, kwa kuwa mimi huwa najifanya nayajua mambo hayo.

Kwenye karatasi yenyewe sikuwa na la kusema. Pikipiki inaruka tuta, mvua inanyesha, kila tone lina mstari wake, koti la dereva lina mikunjo kama arobaini hivi. Macho makubwa, nywele zimesimama. Tukaenda dukani kutoa kopi. Mistari yote ikashikana. Mvua, koti na lami vikawa doa moja jeusi, abiria wa nyuma akapotea kabisa, na ukurasa ule ulikuwa unamhusu yeye.

Wanawafuata Kentaro Miura na Junji Ito, wachoraji wa Japani. Sina ugomvi na mabwana hao. Miura alianza Berserk mwaka 1989 na alikuwa bado anaichora alipofariki Mei 2021. Ito alikuwa fundi wa meno kabla ya kuishi kwa kalamu, na kwenye Uzumaki anakutisha kwa mistari iliyozungushwa tu kama konokono. Lakini Japani mchoraji wa manga kwa kawaida ana wasaidizi: huyu anachora majengo, yule anajaza weusi, mwingine anaweka vidoti vya kijivu. Hapa ni chalii mmoja, kalamu moja na tochi ya simu umeme ukikatika.

Mimi ningewapa wamtazame Mike Mignola, yule Mmarekani wa katuni za Hellboy. Weusi mpana, weupe mpana, mstari haba. Uso mzima unazama gizani yanabaki macho mawili, na bado unajua mtu huyu ana hasira. Ukurasa wa namna hiyo hata ukitolewa kopi ya kopi unasomeka. Na kwa nini tuende mbali? Akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wale wa katuni za gazeti la Sani, hawakuhitaji mikunjo arobaini ya koti. Watu wa rika langu tunawakumbuka mpaka leo.

Karibuni.

KIJANA WA SAKINA

Shikamoo mzee. Ile mvua nimechora mimi. Nimeiweka hapa karatasi yenyewe ili watu waione kabla hawajanihukumu.

Kwanza, mashine ya kopi ilikuwa mbovu. Pili, ukituambia tuache manga unatuambia tumwache mwalimu pekee tuliyempata. Shuleni hakuna aliyetuonyesha vidole vinashikaje usukani. Mimi nimejifunza kwa Katsuhiro Otomo, Mjapani mwingine. Manga yake ya Akira ina kurasa zaidi ya 2,000, alizichora kati ya 1982 na 1990, na inaanza na nini? Vijana na pikipiki zao. Sasa dereva wa bodaboda akikabidhiwa vijitabu viwili, kimoja kina pikipiki inayopaa na kingine kina mtu amesimama kwenye kivuli, atafungua kipi?

Sani mnaipenda kwa sababu mliikuta mkiwa watoto. Sisi tulikuta manga. Samahani mzee, ila ndiyo hivyo.

DADA WA MOSHI

Mbona mnabishana kana kwamba dunia ni Japani na Marekani tu? Kuna Aya wa Yopougon, hadithi ya Marguerite Abouet iliyochorwa na Clément Oubrerie, ya mtaa wa Abidjan, Ivory Coast. Mstari wake umelegea kidogo kama mwandiko, na watu wanasimama kama watu ninaowajua. Kuna mchoraji Barly Baruti wa Kongo. Katuni yake ya Madame Livingstone ni ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye Ziwa Tanganyika, Wabelgiji wanaitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo MV Liemba yetu ya Kigoma! Mkongomani kaichora, sisi tunagombania mvua.

Mdogo wangu, nimeiona karatasi yako. Mikunjo safi, hongera. Lakini yule mama uliyempakia amekaa miguu huku na huku, na kanga juu. Mama anayetoka sokoni Kiboriloni anakaa upande, mkono mmoja umeshika kikapu na mwingine haujashika kitu. Hapo ndipo anapoangukia, na hilo ndilo lingekuwa somo la kijitabu chenu. Umemtazama Otomo sana, barabara ya Sakina hujaitazama.

MWENYE DUKA LA STESHENARI

Mashine si mbovu, kijana, niliitoa kopi mimi. Mmechora kwenye A4 na mkataka kijitabu cha A5. Hapo mashine inapunguza hadi asilimia 71, kwa hiyo mistari iliyokuwa inapumua inabanana. Halafu penseli hamkufuta, na mashine inaisoma kama uchafu. Uwe manga, uwe huyo wa vivuli, chora kwa ukubwa uleule utakaotoka, au acha nafasi. Sina upande.

MWENYE MADA

Fundi, hilo la 71 lingetuokolea Jumamosi nzima. Na dada, umenipiga na mimi, maana ukurasa ule niliutazama dakika kumi nikahesabu mikunjo, huyo mama sikumwona alivyokaa.

Lakini kijana, sirudi nyuma. Kuacha nafasi ndiko ninakokusema tangu mwanzo. Mignola angekuacha na matone sita.

KIJANA WA SAKINA

Kumi na moja mzee. Nimeuchora upya usiku huu, A5 kwa A5, na koti nimelijaza wino lote, hapo umeshinda. Mama amekaa upande, kikapu kina ndizi. Pikipiki bado inaruka, hiyo siigusi. Jumatatu saa mbili nipo dukani.