Wanafunzi wanakopi kila kitu kwa AI, nyinyi mnafanyaje?

TichaMld: Salaam aleikum walimu. Nafundisha Sosho (Social Studies) gredi ya 9 hapa Malindi. Simu shuleni haziruhusiwi lakini nyumbani wanachukua ya mama, wanauliza ChatGPT, wanamwaga kwa daftari vilevile. Wiki hii madaftari kadhaa yamesema eti Vasco da Gama, yule baharia Mreno, alijenga Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, 1498. Ukimuuliza umetoa wapi, "si AI imesema". Nawafanyaje hawa?

MamaShela: Piga marufuku. Kazi ifanywe darasani kwa kalamu, kwisha.

Bin_Mkunguni: Darasani sawa, lakini akitoka geti anayo hapo hapo. Mie huku Lamu nawapa jibu la AI limeprintiwa, na kalamu nyekundu, wasahihishe wao. Hiyo ya kwako usiwaambie ni uongo, waambie watafute tu Da Gama alikufa lini. 1524. Na Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, sasa alijenga akiwa kaburini?? 😂 Watacheka na hawatasahau.

Kuna jibu moja lilisema ngome yetu ya Lamu ni ya Wareno, nikawatoa mpaka ngomeni wakawaulize watu wa makumbusho, kumbe ilianza baada ya vita vya Shela ikamalizika 1821, na Wareno pwani hii walishaondoka tangu 1729. Hapo ndo nikawaeleza hiyo AI inaunganisha maneno yaliyozoea kufuatana, na ngome za pwani na Wareno kwenye maandishi hufuatana sana, basi na yetu ikabandikwa. Ikipatia, ikikosea, lugha ni ileile ya kujiamini, kwa hivyo Kiingereza kizuri kisimtishe mtoto.

TichaMld: Kalamu nyekundu naichukua! Ila maksi unatoaje, kwa idadi ya makosa?

Bin_Mkunguni: Hapana, watakuzulia makosa. Natoa kwa ushahidi, akisema hapa si kweli anionyeshe kajulia wapi, kitabu, mzee, makumbusho. Asiye na ushahidi hana maksi. Na "nimeuliza AI nyingine" sikubali, hizo zimesoma maandishi yaleyale.

MamaShela: Na hao wazee wakikosea je? Babangu mie kila kitu cha zamani husema ni cha Wareno 😂

Bin_Mkunguni: Basi naye apigwe kalamu nyekundu, ila kwa adabu.

TichaMld: 😂😂 Jumatatu naanza na ile nguzo ya Da Gama, iko karibu tutaenda kwa miguu.