Mrejesho: wapenzi wa sekondari katika riwaya yangu

Niliwahi kuuliza namna ya kuwarudisha pamoja wapenzi walioachana walipomaliza sekondari, bila msomaji kuona kwamba nimewalazimisha, nami nawashukuru wote mlionijibu. Ushauri ulionifaa zaidi ulikuwa wa kusoma Persuasion, riwaya ya Mwingereza Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, ambamo Anne Elliot anavunja uchumba kwa kushawishiwa na mtu anayemheshimu, kisha anakutana tena na Wentworth, yule mchumba aliyemwacha, baada ya takriban miaka minane, naye Wentworth bado ana kinyongo. Kumbe sababu ya kuachana lazima iwe na uzito, kwa maana barua iliyopotea njiani, ambayo baadhi yenu mliipigia debe, huishiwa nguvu mara tu wahusika wanapoketi na kuzungumza. Kwa hiyo sasa binti ndiye anayechagua kuondoka, akijua vyema anachokiacha. Wanapokutana tena, mwanamume anautambua mwandiko wa binti huyo kwenye fomu, ile herufi ya g yenye mkia mrefu unaokata mstari wa chini, lakini anaigonga muhuri bila kusema neno. Msamaha nimeusogeza hadi sura ya mwisho, na mhariri wangu, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, ameomba mswada mzima.