Kufuta mahali picha ilipopigwa bila kupoteza jina la mpigapicha

Swali: Mfumo wetu hupokea picha, huzipunguza ukubwa kwa ImageMagick (programu ya kuhariri picha kwa amri) na kuzihifadhi bila mtu kuzigusa. Nakala ndogo hutoka bila jina la mpigapicha wala hakimiliki. Je, naweza kuondoa taarifa za mahali tu, hizo nyingine zikabaki?

Jibu la 1: Bila shaka mnatumia chaguo la `-strip`, ambalo hufuta taarifa zote zilizoambatanishwa na picha, hata profaili ya rangi (maelezo ya jinsi rangi zionyeshwe), na ndiyo maana baadhi ya picha huonekana zimefifia. Liondoeni, kisha ExifTool (programu ya kusoma na kuhariri taarifa za picha) ifute GPS, yaani taarifa za mahali, pekee kwa `-gps:all=`. Mahali huweza kuandikwa pia ndani ya XMP na IPTC (miundo mingine ya kuhifadhi taarifa ndani ya faili la picha), kwa hiyo kagueni kote. Jina la mpigapicha ni haki yake, lisipotee njiani.

Jibu la 2: Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila mwelekeo wa picha nao unahitaji uangalifu mkubwa. Picha yenye Orientation 6 (alama inayoiambia programu iizungushe picha inapoionyesha) ikipitia `-auto-orient` ya ImageMagick, pikseli zenyewe huzungushwa na thamani hurudi kuwa 1, yaani picha isizungushwe tena. Mkiirudishia metadata (taarifa zilizoambatanishwa) zote za faili la asili kwa `-TagsFromFile` ya ExifTool, ile 6 hurejea na picha huzungushwa mara ya pili inapofunguliwa. Ongezeni `--Orientation` katika amri ya kunakili ili alama hiyo isinakiliwe.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Hilo la mwelekeo linaeleza picha kadhaa zilizolala ubavu. Nitaijaribu amri hiyo kwenye nakala kabla ya kugusa hifadhi kuu.

Jibu la 2: Vyema. Msitumie `-overwrite_original`, ambayo huandika juu ya faili bila kubakiza nakala ya asili, mpaka mridhike na matokeo.