Naomba ushauri: safari ya injili Albania, wiki 2

Shalom wapendwa. Nimezaliwa Mombasa, naishi Ujerumani. Kanisa letu linatutuma watu 6 Elbasan, mji wa Albania, kusaidia kanisa changa, watu wachache wanaokutana sebuleni kwa mtu.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki. Mwaka 1967 serikali ya Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti wa Albania, ilipiga marufuku dini zote. Misikiti na makanisa yakafungwa, mapadri na mashehe wakafungwa jela, wengine wakauawa. Marufuku ilidumu hadi 1990. Kwa hiyo bibi wa kule anaweza kujiita Mwislamu na asijue hata sala moja. Mimi nimelelewa nikisikia adhana kila alfajiri. Uislamu naoujua ni wa Mombasa, na nahofia utanipotosha kule. Waliowahi kuhudumu kati ya Waalbania, mazungumzo mlianzia wapi?

Halafu wenzangu wanataka kubeba nguo na kununua spika. Mimi sitaki. Tumeona kwetu makanisa yaliyozoea mfadhili, akiondoka mlango unafungwa. Nakosea?

Lugha nayo! Jirani yangu hapa anatoka Vlorë, Albania. Nilimuuliza kama nimwongezee chai, akatikisa kichwa, nikaondoa kikombe. Kumbe kwao kutikisa kichwa ndiko kukubali. Alicheka mpaka akashika tumbo. Sasa ananifundisha maneno kidogo kidogo, nimeanza na "faleminderit", yaani asante.

Mchungaji anataka mpango wetu Jumapili ijayo. Nisaidieni kabla ya hapo.